Somo la snuka: miguu, kidevu na fimbo

Wengi wetu tumeanzia kwenye meza ya pool ya mtaani, ambako mtu anafunga hata akiwa ameinama nusunusu. Meza ya snuka ina futi 12 kwa 6 na mashimo yake hayana huruma. Ukiyumba kidogo tu, mpira unatemwa.

1. Simama wima nyuma ya mpira mweupe, uone mstari wa pigo. Uamuzi wote ufanyike hapo. Mguu wa kulia ukanyage mstari huo, wa kushoto utangulie pembeni kidogo, upana wa mabega. Mguu wa nyuma unyooke, goti la mbele likunjike. (Wa mashoto mgeuze.)

2. Shuka juu ya mstari uleule, usiuingilie kutoka ubavuni. Kidevu kiguse fimbo.

3. Tandaza vidole vya mkono wa mbele, vibonyeze kitambaa cha meza, kidole gumba kiinuke fimbo ipate njia. Mkono wa nyuma ushike kama unashika yai, na kuanzia kiwiko uning'inie wima.

4. Pima mara mbili tatu, tulia kidogo fimbo ikiwa nyuma, kisha ipitishe. Kidevu kibaki palepale mpaka mpira uingie. Mimi hili lilinitesa miaka: nilikuwa nainua kichwa niuwahi mpira kwa macho, bega nalo linafuata.

Zoezi: weka mweupe kwenye alama ya kahawia (nukta ya mezani unapowekwa mpira wa rangi hiyo), upige upite juu ya alama za buluu, pinki na nyeusi, ugonge ukingo wa mbali na kurudi kwenye ncha ya fimbo uliyoiacha pale. Piga 20 kabla ya kila mchezo.

Swali: Mwalimu, nikishuka hadi kidevu mgongo unauma.
Jibu: Pole. Panua miguu, kunja magoti yote mawili. Kidevu kisipofika si kosa, ila kimo kiwe kilekile kila pigo.

Swali: Lazima fimbo ipite katikati ya kidevu?
Jibu: Hapana. Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15, jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, fimbo ikapita chini ya la kushoto.

Swali: Kwenye zoezi mweupe unanirudia kulia kila mara.
Jibu: Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka nyuma. Tazama kiwiko kama kinatoka nje. Kikiwa sawa, shusha macho kwenye mguu wa kulia: mara nyingi haukukanyaga mstari.