Kutega Kambare kwa Mshipi wa Kibendera

Asubuhi za Juni na Julai sakitu hulala juu ya nyasi za Kitulo, na huko Mufindi majani ya chai huungua kwa baridi, lakini hakuna bwawa la Nyanda za Juu Kusini za Tanzania linaloganda hata mtu akaweza kutembea juu yake. Katika nchi ambazo maziwa huganda, kama Finland na jimbo la Minnesota kule Marekani, wavuvi hutoboa tundu kwenye barafu na kuweka juu yake mtego mdogo wenye kibendera ili kumnasa paiki wa kaskazini, samaki mrefu mwenye meno makali ambaye hula samaki wenzake. Paiki hatuna. Mtego wenyewe, hata hivyo, ukibadilishwa kidogo unamfaa sana kambare wa bwawa la Mtera, na hapa nitaeleza namna ya kuutengeneza na kuutumia kutoka ukingoni, bila mtumbwi.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kwamba samaki akichukua chambo asihisi uzito wowote. Mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye kigingi humshtua kambare mara tu anapogeuka kuondoka, naye hutema. Mtego wa kibendera hufanya kazi mbili kwa pamoja: humjulisha mvuvi kwamba kuna samaki, na huuachia mshipi utiririke wenyewe hadi mvuvi afike. Wenzetu wa kwenye barafu hutumia gurudumu dogo la kuzungushia uzi, nalo hulizamisha ndani ya maji ili lisigande. Sisi tunaweza kutumia chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu.

Kata kigingi cha mwanzi mkavu chenye urefu wa mita 1. Kwa mtu wa Iringa, mwanzi ambao umeacha kutoa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, unafaa kabisa. Zungushia kwenye chupa mshipi wa nailoni wa mita 40 hivi, wenye unene wa milimita 0.7 au 0.8, na kabla ya kuanza kuzungusha funga mwisho wake kwenye kigingi, si kwenye chupa. Kisha funga chupa kwa nguvu ubavuni mwa kigingi, shingo ikielekea majini, ili mshipi uchopoke kwa kuteleza juu ya shingo. Mtego wangu wa kwanza niliufunga chupa ikiwa imegeuka nyuma, mshipi ukajisokota, na kambare akaondoka na ndoano pamoja na chambo.

Kibendera ni fito nyembamba ya mwanzi yenye urefu wa sentimita 60, iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye ncha na kukazwa kigingini kwa upande wa shina, hivi kwamba ikiachiwa husimama wima. Pigilia msumari chini ya chupa, uuache umechomoza sentimita 2 kuelekea majini, na uukate kichwa. Kwenye ncha ya fito funga kamba fupi yenye pete ndogo ya waya. Ukiipinda fito na kuivisha pete kwenye msumari, mtego umekaa. Kinachobaki ni kuunganisha pete na mshipi kwa uzi mwembamba wa cherehani: samaki akivuta, pete huteleza kutoka kwenye msumari, fito hufyatuka, uzi hukatika, na mshipi hubaki huru. Jaribu mara kadhaa nyumbani kabla ya kwenda bwawani, kwa kuwa pete ikibana sana samaki atatema, na ikilegea sana upepo utakiinua kibendera bure kila dakika kumi.

Paiki huhitaji kipande cha waya wa chuma karibu na ndoano, kwa sababu meno yake hukata nailoni. Kambare hana meno ya namna hiyo. Yake ni madogo na yamejipanga kama msasa, kwa hiyo sentimita 30 za uzi mnene wa nailoni iliyosokotwa zinatosha. Chambo ndicho kinachotofautisha zaidi. Paiki huwinda kwa macho, ilhali kambare hutegemea sharubu zake na harufu, hasa katika maji ya tope, hivyo utumbo wa kuku, maini au minyoo humvuta vizuri, na wapo wanaotumia kipande cha sabuni ya mche wakafanikiwa. Anayetaka kambare mkubwa atumie perege mdogo, amchome ndoano juu ya mgongo bila kugusa mfupa. Chubwi iwe nyepesi, ya kutosha tu kukilaza chambo chini.

Barabara ya Iringa kwenda Dodoma hupita juu ya ukuta wa Mtera, na bwawa hupokea maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo. Kabla ya kutega, kata leseni, na umuulize afisa uvuvi kama bwawa halijafungwa kwa kipindi hicho. Waulize pia wavuvi wa hapo kuhusu mamba na viboko, ambao wapo kweli. Simamisha vigingi mita kadhaa kutoka majini, usiingie majini kunasua mshipi, wala usipasue samaki ukingoni. Kambare hutembea zaidi usiku, lakini kwa sababu ya wanyama hao mimi hutega saa kumi jioni na kuondoka kabla giza halijaingia.

Kibendera kikiinuka, tembea. Usikimbie, maana vishindo vya miguu hufika majini. Shika mshipi bila kuukaza, uache utoke mita 2 au 3 hivi, na unapouona ukienda kwa mwendo mmoja vuta kwa mkono mara moja kwa nguvu. Ukichelewa zaidi ya hapo, ndoano itashuka tumboni. Mvute taratibu, umpe mshipi anapong'ang'ania, na umtoe nje kabisa kabla ya kumgusa. Kila pezi la kifuani lina mwiba wenye meno ya msumeno, kwa hiyo mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba hiyo, na utumie koleo kutoa ndoano.

Kwa kuwa kambare huweza kupumua hewa, atakaa hai kwa saa nyingi ndani ya gunia lililoloweshwa na kuwekwa kivulini. Lifunge mdomo vizuri, kwa sababu ukirudi kuangalia kigingi cha pili atajiburuta nyasini kurudi majini.