Kujitolea kupanda mikoko Mombasa: jinsi ya kupanga kazi na Shirika la Huduma za Misitu

Mikoko inayozunguka hori za Tudor, Port Reitz na Mwache haina ua wala lango, na kwa sababu hiyo vikundi vingi hudhani kwamba mtu yeyote mwenye miche na nia njema anaweza kuingia na kupanda. Mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, na leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kikundi cha msikiti, cha kanisa, cha chuo au cha wafanyakazi wa kampuni kinachotaka kutoa siku moja ya kujitolea kinaingia katika msitu wenye mwenyewe, na ni lazima kibishe hodi.

Hodi hiyo hupigwa mahali pawili. Kwa karatasi, ni katika ofisi ya afisa anayesimamia misitu ya kaunti. Kwa vitendo, ni kwa jumuiya ya misitu ya eneo husika, inayojulikana na wengi kwa herufi zake, CFA. Sheria hiyo ya 2016 inaziruhusu jumuiya hizi kushiriki katika usimamizi wa msitu kwa makubaliano na KFS. Wanachama wake ndio wanaotunza vitalu, ndio wanaojua tope la wapi linabeba mtu na la wapi linammeza, na ndio watakaobaki na miche yenu baada ya basi kuondoka. Ushauri wangu ni kuzungumza na jumuiya kwanza, kisha kuandika barua, kwa kuwa barua inayotaja eneo ambalo jumuiya tayari imelipendekeza hujibiwa kwa urahisi zaidi kuliko ile inayoomba “sehemu yoyote nzuri”. Pale ambapo njia ya kuingilia inapitia bandari ndogo ya wavuvi, wajulisheni pia viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo huo, na chifu apate nakala.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Itaje jina la kikundi, idadi ya watu na umri wao, eneo mnaloomba, tarehe mbili au tatu mnazopendekeza, nani atanunua miche, na nani atarudi kuitunza. Hilo la mwisho huachwa na wengi, nalo ndilo linalomwonyesha afisa kama mmekuja kufanya kazi au kupiga picha. Sentensi ya namna hii inatosha: “Tunaomba kupanda miche 500 ya mkoko katika eneo litakaloelekezwa na afisa wako, na tunaahidi kurudi baada ya miezi 3, 6 na 12 kuhesabu iliyopona na kujazia mapengo.” Pelekeni barua mapema, angalau mwezi mmoja kabla, kwa sababu afisa huhitaji kufika kwenye eneo kabla yenu.

Sasa tuje kwenye tarehe, ambapo mipango mingi huharibikia. Watu hupenda kupanda tarehe 26 Julai, Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Mikoko, au Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini bahari haijui Jumamosi. Mikoko hupandwa maji yakiwa yamekupwa, na maji hukupwa vizuri wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Anayefuata tarehe za Kiislamu ana ratiba hiyo mfukoni: siku za mwanzo wa mwezi, na zile zinazofuata tarehe kumi na nne. Hapa Mombasa, katika siku za bamvua maji huwa chini kabisa takriban saa nne hadi saa tano asubuhi, jambo linalofaa sana kwa kazi ya kujitolea, kwani watu huingia topeni saa tatu na kutoka kabla ya saa sita. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na saa ya kupwa huangukia alasiri. Thibitisheni saa kamili kwenye jedwali la maji linalochapishwa na Halmashauri ya Bandari, na mwepuke Ijumaa kwa kuwa muda huo huishia mlangoni mwa swala.

Niliwahi kuandamana na kikundi kilichopanga kila kitu isipokuwa hilo. Fulana zilikuwa zimechapishwa, mahamri yamepikwa, basi limelipiwa. Tarehe ilikuwa ya bamvua, ila tulifika saa tisa alasiri na kukuta maji yamepanda hadi kwenye matawi. Mzee mmoja wa jumuiya alitutazama, akauliza kwa upole kama tumekuja kupanda au kuogelea.

Kuhusu mahali na aina ya mche, mwachieni afisa na jumuiya waamue, lakini ni vizuri mjue wanachokiangalia. Kenya ina aina 9 za mikoko, na kila moja ina makao yake: mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata, kisha mkandaa, na mchu huvumilia chumvi ya upande wa nchi kavu. Kupanda mkoko penye mlilana kwa sababu tu mbegu zake ni rahisi kuokota ni kupoteza miche. Afisa pia atauliza ni kwa nini mikoko ilitoweka mahali hapo. Huko Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Mahali pa namna hiyo huwezi kupanda kabla ya kujua kama udongo umetulia. Msikasirike mkiambiwa kwamba eneo mlilolitaka halifai.

Siku yenyewe, kila mtu avae viatu vya zamani vya kufunga kwa kamba na soksi nzito, kwa sababu tope huvua viatu vya mpira na makome huchana nyayo. Watu thelathini wanatosha. Mbegu ya mkoko, ile ndefu iliyochipuka ikiwa bado juu ya mti, hushikwa kwa vidole viwili, ncha yake iliyochongoka ikielekea chini, ikasukumwa polepole hadi theluthi moja iingie topeni. Ukiipigilia kama msumari utaivunja. Mche wa kitaluni huvuliwa karatasi yake ya plastiki kwanza, na karatasi zote zihesabiwe wakati wa kutoka.

Huenda mkakuta kitaluni watu wanaotumikia kifungo cha nje. Chini ya sheria ya 1998, mahakama inaweza kuamuru mtu afanye kazi ya jamii bila malipo, ikiwemo ya kupanda miti, akisimamiwa na afisa wa probesheni. Hao si wafanyakazi wenu wala si mandhari ya picha zenu. Wasalimieni, fanyeni kazi, na mwache simu mfukoni.

Mwisho wa siku, afisa ataandika idadi ya miche na eneo, na nyinyi mnaweza kuiingiza katika programu ya JazaMiti, inayotumika kufuatilia lengo la taifa la miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi naona idadi hiyo ya siku ya kwanza ina thamani ndogo. Fungeni utepe kwenye vijiti vinne kuzunguka eneo lenu, mwandike idadi ndani ya mipaka hiyo, na mkirudi baada ya miezi 3, tena maji yakiwa yamekupwa, muhesabu iliyosimama na kuripoti kwa afisa hata kama ni michache. Mkiwa na mbegu mpya mkononi siku hiyo, mapengo yatajazwa palepale bila barua nyingine.