SOMO: Kuchuja logi kwa kanuni za ruhusu na kataa

Wakuu, swali la "logi zinanijazia skrini, nifanyeje" nimelijibu hadi nimechoka. Naandika mara moja. Logi ni kumbukumbu ya matukio ambayo programu huiandika, mstari kwa mstari.

1. Nakili faili la logi, jaribia kwenye nakala.

2. Angalia mistari gani inajirudia sana.

3. Andika kanuni. Maneno hutofautiana kwa kila programu, mantiki ni hii:

ruhusu uzito <= 3
kataa "GET /health "
kataa uzito = 7
ruhusu vyote

Uzito ni ule wa syslog (mfumo wa kawaida wa kuandikia logi): 0 ni balaa, 3 ni kosa, 7 ni porojo za mtengeneza programu.

4. Mpangilio. Hapa tulieni. Vichujio vingi husoma kutoka juu, na kanuni ya kwanza kuukamata ujumbe ndiyo inayoamua. Za chini haziulizwi tena. Mimi niliweka juu kabisa kataa "health", kwa sababu seva ilikuwa inaulizwa hali yake (hiyo GET /health) kila sekunde 10. Logi zikatulia, nikajiona fundi. Siku ya tatu diski ikafa. Kumbe ilikuwa inalia "disk unhealthy" tangu juzi yake, na health imo ndani ya unhealthy! Kwa hiyo makosa yaruhusiwe kwanza, kataa kwa maneno marefu, na wiki ya kwanza USITUPE ulichokataa. Kipeleke faili la pembeni, ukipitie.

5. Washa upya huduma ya logi.

MASWALI

– Mkuu nimefuata yote, haifanyi kazi.
– Weka kanuni zako hapa.
– kataa vyote, halafu ruhusu uzito <= 3
– Soma namba 4.
– Nimesoma.
– Rudia. "Kataa vyote" umeiweka wapi?
– Juu... aah. Sawa.

– Kwa nini usimalizie na kataa vyote, kama fayawoli (kizuizi cha mtandao)?
– Swali zuri, mkuu. Kwenye fayawoli unawajua wageni wako. Kwenye logi, ujumbe wa maana mara nyingi ni ule ambao hujawahi kuuona, na huo ndio ungepotea wa kwanza. Ila kwa tahadhari za kukuamsha usiku, hapo malizia na kataa vyote.

– Nyongeza: kwenye grep -v (amri ya kuondoa mistari yenye maandishi fulani) nukta hukamata herufi yoyote. Kwa anwani za IP tumia -F, isome maandishi kama yalivyo.
– Na -w (neno zima tu), la sivyo 10.0.0.1 itaondoka na 10.0.0.15. Hiyo -w ingeniokolea ile diski.

– Nikiunganisha grep mbili nyuma ya tail -f (inayoonyesha logi zikiingia), skrini inakaa kimya.
– Ya kwanza ipe --line-buffered, itoe kila mstari papo hapo.