Kukadiria Umbali na Muda wa Ndege kutoka Mwanza hadi Kilimanjaro

Msafiri anayetaka kujua umbali kati ya viwanja viwili vya ndege nchini Tanzania anaweza kuupata mwenyewe kwa simu yenye kikokotoo, tena kwa usahihi unaotosha kabisa kupangia safari. Tuchukue Mwanza na Kilimanjaro (KIA).

Anza na mahali vilipo viwanja. Uwanja wa Mwanza uko takriban nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki, na KIA nyuzi 3.43 kusini na 37.07 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 0.99, na ya longitudo ni 4.14. Zidisha kila moja kwa kilomita 111, ambao ndio urefu wa nyuzi moja, nawe utapata kilomita 110 na 460. Kila jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: ni kilomita 473 hivi. Njia hii inatufaa sisi tulio karibu na Ikweta, ambako nyuzi za longitudo hazijasongamana. Ukiitumia Oslo, iliyo karibu na latitudo 60, utapotea, kwa kuwa huko nyuzi moja ya longitudo ni kama nusu tu ya urefu huo. Ukiona mahali pameandikwa 255, hizo ni maili za baharini, na kila moja ni kilomita 1.852.

Muda unahitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hugawanya umbali kwa mwendo wa ndege na kuishia hapo. ATR 72, ndege ya mapangaboi, husafiri angani kwa takriban kilomita 510 kwa saa, hivyo kilomita 473 zingeichukua dakika 56. Ikikabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, dakika hizo zinakuwa 60. Upepo huohuo ukiisukuma kwa nyuma, zinapungua hadi 52. Ongeza dakika kama kumi za kupanda na kushuka, kwa kuwa wakati huo ndege haiendi kwa mwendo wake kamili. Katika njia hii pia, mstari ulionyooka unapita jirani sana na Mlima Meru, wenye mita 4,562, ilhali KIA iko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo rubani hawezi kushuka mapema apendavyo, bali hukaa juu au huuzunguka mlima.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni mrefu zaidi, kwani huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya pili, pamoja na mwendo wa ardhini kwenda na kutoka kwenye njia ya kurukia. Kwa ATR, saa moja na robo hadi saa moja na nusu ni makadirio ya busara.

Soma saa za tiketi kwa makini: 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana. Na kama kutoka KIA unaendelea hadi Kigali, kumbuka kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Hivyo ongeza saa hiyo kwenye tofauti ya saa za kuondoka na kufika ili upate muda halisi wa safari.