Somo: Kuandika ugomvi wa waendesha mashtaka katika tamthilia ya mahakamani

Wenzangu waandishi wa Mombasa, miswada mingi ninayoletewa ina mwendesha mashtaka mwema anayezozana na mwovu. Mtazamaji huuchoka mapema ugomvi huo. Kila mmoja na awe na haki upande wake.

Hatua ya 1: Anza na karatasi. Tuseme ni kesi ya wizi wa mabavu Kongowea. Faili la polisi lina taarifa mbili za shahidi mmoja. Ya kwanza, ya usiku ule ule: "Kulikuwa na giza, sikumwona uso." Ya pili, baada ya gwaride la utambuzi (shahidi kumtambua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari), inamtaja mshtakiwa bila kusita. Ile ya kwanza imekunjika pembe, imebanwa nyuma ya mchoro wa eneo la tukio. Wakili chipukizi wa upande wa mashtaka anaikuta jioni, na kesho kesi inasikilizwa Shanzu.

Hatua ya 2: Ijue sheria, ugomvi umo humo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(j), inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea. Mkuu wake, mwendesha mashtaka mzoefu, atasema: "Ile ya kwanza hatuitegemei." Chipukizi atamjibu kwa kesi ya Cholmondeley ya 2008, ambapo Mahakama ya Rufaa ilitaka mshtakiwa apewe mapema nyenzo zote zinazohusika.

Hatua ya 3: Mpe mkuu sababu ya kweli. Hapa ndipo wengi wenu mnapokimbilia rushwa, na mnaharibu. Mkuu huyu amekaa na mama muuza vitunguu aliyekatwa panga mkononi. Anaamini kwa dhati kwamba mwizi ni yule. Tena ndiye aliyemfundisha chipukizi kazi.

"Mwanangu, shahidi alikuwa anatetemeka. Angekumbuka nini usiku ule?"

"Basi na aulizwe kizimbani, mzee. Hakimu amsikie."

Acheni hapo. Msiwape hotuba.

Hatua ya 4: Ondoeni baraza la raia la kutoa hukumu. Kwetu anayeamua ni hakimu au jaji.

Maswali ya wanachama

*Likoni: Mwalimu, chipukizi akimpa wakili wa utetezi ile taarifa kwa siri?*
Anaweza, lakini kwanza amkabili mkuu wake uso kwa uso. Akipita mlango wa nyuma mapema, tunakosa onyesho bora: wawili meza moja mbele ya hakimu, kila mmoja akijua mwenzake anajua.

*Mwembe Tayari: Mkuu akiamua kuiondoa kesi, imekwisha?*
La, dada. Kifungu cha 157(8) cha Katiba kinataka ruhusa ya mahakama. Hakimu akiuliza sababu, mkuu atajibu nini, na chipukizi yuko pembeni yake? Iandike sehemu hiyo taratibu.

*Kisauni: Mbona waendesha mashtaka wa tamthilia za Marekani huwaza kura kila mara?*
Kwa sababu katika majimbo mengi kule mwendesha mashtaka mkuu wa eneo huchaguliwa na wananchi. Wetu wa taifa, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa, kwa miaka 8 isiyoongezwa, na kifungu cha 157(10) kinasema hapokei amri ya mtu yeyote. Kwa hiyo, kaka, ukitaka shinikizo, lilete kwa simu ya mtu asiyestahili kupiga, halafu tuonyeshe nani ofisini aliisikia.