Kuzalisha mbwa shambani: kutoka joto la jike hadi watoto kuhama

Jike anayezurura siku za joto lake, yaani anapokuwa tayari kupandwa, hurudi na mimba ya dume usiyemjua, na pengine na uvimbe wa uke unaovuja damu, unaoambukizwa kwa kupandana. Kwa hiyo anza na uzio au banda lenye mlango unaofungika. Komeo iwe juu, watoto wa nyumbani wasiisahau wazi.

Usimpandishe joto la kwanza, hata kama limekuja akiwa na miezi saba. Subiri afikishe miezi 18 hadi 24, na umpumzishe kabisa akifika miaka sita au saba. Mwezi mmoja kabla ya kupandisha, hakikisha chanjo zake hazijapita muda, mpe dawa ya minyoo, na umtoe kupe. Kinga aliyo nayo ndiyo atakayowapa watoto kwenye maziwa ya kwanza. Jike asiyechanjwa huenda asiwe na cha kuwapa.

Andika ukutani siku uliyoona damu. Kwa kawaida siku tisa hivi za mwanzo hufukuza dume. Damu ikipauka na jike akisimama na kupeleka mkia pembeni, mpandishe, ruka siku moja, mpandishe tena. Watashikamana dakika 5 hadi 30. Kuwavuta, kuwapiga mawe au kuwamwagia maji, mchezo unaopendwa sana vijijini, huwaumiza wote wawili.

Mimba huchukua siku 63 hivi. Wiki tano za mwanzo mlishe kama kawaida, kisha ongeza kidogo kidogo hadi afikie mara moja na nusu anapokaribia kuzaa. Akinyonyesha watoto wengi atahitaji mara mbili hadi tatu. Ugali mtupu haujengi mimba: changanya dagaa, mayai au mapafu yaliyochemshwa. Unga wenye ukungu usimpe ukidhani mbwa hajali, kwani sumukuvu huua ini lake. Mapafu na maini ya mnyama aliyechinjwa yachemshe nusu saa. Yakiliwa mabichi humpa mbwa tegu ambaye mayai yake husababisha vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya watu. Vidonge vya kalisi wakati wa mimba viache. Huzoesha mwili kutojitafutia kalisi, na matatizo hutokea akianza kunyonyesha.

Jike wa kilo 20 hadi 25 anatosha kwenye sanduku la sentimita 120 kwa 100. Pigilia mbao kuzunguka ndani, sentimita 10 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, ili mtoto aliyebanwa na mama apate pa kuponea. Tandika magazeti siku ya kuzaa, baadaye vitambaa safi. Usitandike vumbi la mbao, huingia puani. Wiki ya kwanza watoto wanahitaji joto la nyuzi 29 hadi 32. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, weka chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, lakini kona moja tu, anayeona joto apate pa kuhamia.

Wiki ya mwisho ya mimba mpime jike joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, atazaa ndani ya saa 24 hivi. Mwacheni na mtu mmoja anayemzoea, si ukoo mzima. Mwite daktari wa mifugo haraka iwapo:

- amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka;
- zimepita saa mbili tangu mtoto aliyetangulia, na bado wengine wamo tumboni;
- uchafu wa kijani umetoka kabla ya mtoto wa kwanza.

Sindano ya kuongeza uchungu isichomwe kwa kubahatisha. Mtoto akiwa amekwama, inaweza kupasua mji wa mimba.

Wapime watoto kila siku kwa mizani ya jikoni. Ifikapo siku ya kumi hivi, uzito unapaswa kuwa umekaribia mara mbili. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana tatizo. Mtoto aliyepoa usimnyweshe maziwa, hayatasagika: mpashe joto kwanza polepole kifuani, ndipo anyonye. Na mama akianza kutetemeka, kukakamaa na kuhema, hasa wiki ya pili hadi ya nne, kalisi imemwishia. Watenge watoto, mkimbize kwa daktari. Hii haingoji kesho.

Minyoo hupita kwa mama hadi kwa watoto tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo kusubiri kuona tumbo limevimba ni kuchelewa. Toa dawa wiki ya 2, 4, 6 na 8, ukifuata uzito, na mama apewe siku hiyohiyo. Uji mzito wenye dagaa waliosagwa uanze wiki ya nne.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili, watoto wa nyumbani wawashike watoto wa mbwa kila siku, kisha wanawe mikono. Waonyesheni kuku na mbuzi mapema. Mbwa anayekutana na kuku kwanza akiwa na miezi sita atamkimbiza.

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa ni wiki ya 12. Isafirishwe kwenye barafu. Parvo ikiingia bandani, ondoa kinyesi, osha kwa sabuni, kisha mwaga dawa ya madoa yenye klorini, sehemu moja kwa 30 za maji, iache dakika kumi. Udongo huwezi kuuosha hivyo, na virusi hukaa humo miezi mingi, kwa hiyo watoto wapya wasishuke hapo.

Watoto wahame wiki ya nane, kila mmoja na karatasi ya tarehe za chanjo na dawa, pamoja na chakula cha siku tatu alichozoea, tumbo lisiharibike.