Namna ya kumtafuta mshairi wenu wa zamani kati ya wenzake

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa bohari hapa Dar es Salaam, na jioni alikuwa mshairi. Hakuacha diwani. Aliacha daftari moja lililoliwa na mende, na kauli ya bibi: "Wenziwe walikuwa wakimjibu hadi Lindi." Kauli hiyo ilinipa kazi ya miaka miwili. Naeleza nilivyofanya kwa sababu najua Kariakoo, Ilala na Temeke kuna nyumba zenye daftari kama lile, na kila familia inapohama, karatasi ndizo zinazotupwa kwanza.

Usianzie kwenye vitabu. Vitabuni utawakuta Shaaban Robert, Amri Abedi, Mnyampala na Kandoro, na wanastahili. Babu yako yumo gazetini. Kwa wa zama za babu yangu, miaka ya hamsini, gazeti lenyewe ni Mambo Leo, lililoanza kutoka hapa Dar es Salaam mwaka 1923 na kuwapa washairi nafasi mwezi baada ya mwezi. Mimi nilishuka Mwenge, nikaenda Mlimani kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, kitengo cha East Africana.

Lakini kabla ya nauli, jua lakabu yake. Nilipoteza miezi mitano nikitafuta jina la kwenye cheti cha ndoa, kumbe alijiita kwa jina la ndege. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Gerezani ambaye ujanani alikuwa akimpelekea babu barua posta. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," nikakaa mkekani, nikamuuliza kama babu yangu alikuwa mshairi mkubwa. Akaniitikia kwa adabu tu, "Ee, mkubwa." Siku ya pili nikauliza vingine: alikuwa akilumbana na nani? Hapo mzee alicheka, akanyoosha miguu, akanitajia lakabu ya babu na za watu watatu. Anza na swali hilo la pili.

Ukiyapata magazeti, usijaribu kusoma kila shairi lote, utachoka. Soma ubeti wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza humwamkia mhariri au humtaja anayejibiwa. Wa mwisho, kwenye kaditama, mtunzi huaga na mara nyingi hutaja jina na mji wake. Nakili beti hizo mbili kwa penseli, pamoja na mwezi na mwaka. Kisha tazama vina na kibwagizo. Anayemjibu mwenzake kwa heshima hushika vina vilevile, na kibwagizo hukigeuza kidogo, kwa hiyo jibu utalitambua hata kama jina halikutajwa. Kama mizani zinakupiga chenga, tafuta kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Mimi nilikisoma mara mbili na sijuti.

Kuwa na subira na tarehe. Gazeti lilitoka kila mwezi na barua zilikwenda polepole, basi ukikuta swali la Machi, endelea hadi Septemba kabla ya kusema halikujibiwa.

Babu aliuliza: kipi kinamzeesha mtu upesi, deni au husuda? Jibu la kwanza lilitoka Tanga, la pili Tabora, la tatu Kilosa. Kisha wa Tabora akamgeukia wa Tanga, wakashikana wao kwa wao miezi minne, na babu hatajwi tena. Nilihuzunika, nikadhani walimsahau. Nilipochora yote kwenye karatasi ya manila, kila mshairi duara lake na mshale kwenda kwa aliyemjibu, nikaona jambo lingine: mijadala mitatu mikubwa ya watu hao ilianzia kwenye duara la babu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha moto, wenzake wakaota. Hiyo ndiyo nafasi yake, na kwangu si ndogo, maana majibu yale mazuri yasingetungwa bila swali.

Mwisho tafuta tanzia. Hii nusura niikose, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kusoma pale mashairi yake yalipokoma. Songa mbele mwaka mzima baada ya kifo, uone nani anamlilia. Mimi hadi hapo sikuwa nimeona mtu wa Lindi hata mmoja, nikaanza kudhani bibi kachanganya. Tanzia ilikuwa ya beti saba, kaditama yake inataja Lindi, na vina ni vilevile vya swali la deni na husuda. Kwenye ubeti wa sita mtunzi anaomba radhi kwamba alichelewa kujibu, kisha anajibu: ni deni, na lake kwa babu ni jibu hili.

Nilimsomea bibi, macho yake sasa hayaoni vizuri. Akaniambia, "Rudia hapo pa Lindi."